Usaili wa Vitendo au Mtihani? Majina ya Kipimo cha Mwanaprogramu

Mhitimu wa sayansi ya kompyuta anayesubiri ajira nyumbani Nkende, wilayani Tarime, anaweza kupokea miito mitatu katika mwezi mmoja. Wa kwanza unamwita kwenye "usaili wa mchujo". Wa pili unamtaka afanye "jaribio" la dakika 90 kupitia intaneti. Wa tatu unamwalika kwenye "mahojiano", kisha unaongeza kwamba siku hiyo kutakuwa na "zoezi dogo" la kompyuta. Kazi anayoiomba ni ileile mara zote tatu, yaani kuandika programu. Tendo atakalotakiwa kulifanya pia ni lilelile: kupewa tatizo, kulifikiria, kisha kuandika maelekezo ambayo kompyuta itayafuata ili kulitatua.

Maneno mchujo, jaribio, mahojiano na zoezi, pamoja na mtihani linaloongezwa mara nyingi katika mazungumzo, hutumiwa kana kwamba ni visawe. Kila moja, hata hivyo, lina asili yake na ahadi yake kwa anayeitwa. Makala haya yanachambua maneno hayo, yanaonesha yanapotofautiana, na yanapendekeza lipi litumike wapi. Tofauti hizo zina uzito, kwa kuwa jina la kipimo ndilo linaloamua jina la matokeo, na jina la matokeo hurudi nyumbani pamoja na mwombaji.

Kazi yenyewe: programu, msimbo, kodi

Neno programu limekwishaota mizizi katika Kiswahili. Liko katika ngeli ya I-ZI: programu hii imekamilika, programu hizi zimekamilika. Anayeziandika huitwa mwanaprogramu au mtayarishaji programu. Katika utumishi wa umma nchini Tanzania, kwa kawaida yumo katika kada ya Afisa TEHAMA, kifupisho cha Teknolojia ya Habari na Mawasiliano.

Matini anayoiandika mwanaprogramu huitwa msimbo, wingi misimbo. Neno hili huonekana geni kwa wengi, lakini ndugu yake yumo sebuleni mwao. Kitenzi simba kina maana ya kuugeuza ujumbe kuwa alama. Kikiongezewa kiambishi cha kutendua hupatikana simbua, kama fungua inavyotokana na funga na zibua inavyotokana na ziba. Kifaa kinachosimbua mawimbi ya televisheni ndicho kisimbuzi, neno lililoenea baada ya Tanzania kuanza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kwa msomaji anayeishi jirani na Hifadhi ya Serengeti, kitenzi simba huweza kuchekesha kidogo, ila muktadha huondoa utata haraka: mnyama ni nomino, na tendo huja na viambishi vyake.

Utata usioondoka kwa urahisi ni ule wa neno kodi. Baadhi ya wanaprogramu husema "kuandika kodi", na wengine hufupisha kuwa "kukodi". Katika Kiswahili, kodi ni malipo ya pango au fedha inayotozwa na serikali, na kukodi ni kutumia kitu cha mtu kwa malipo. Sentensi "Anakodi nyumba nzima usiku" humwacha msikilizaji akijiuliza ni mpangaji wa namna gani huyo. Tangazo la "usaili wa kodi" litawavuta wanaotaka kuwa Maafisa Usimamizi wa Kodi wa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na litawapita wanaprogramu. Kwa hiyo andika "kuandika msimbo" au, kwa wasomaji wa jumla, "kuandika programu".

Usaili, usahili, usajili

Usaili ni nomino itokanayo na kitenzi saili, yaani kuuliza kwa kina. Mzizi wake ni wa Kiarabu, na ndio uleule uliotupatia swali na suala. Anayeuliza ni msaili, anayeulizwa ni msailiwa, na kundi la wasaili ni jopo la usaili.

Neno hili huandikwa vibaya mara nyingi. Usahili, lenye h, linatokana na sahili, yaani rahisi. Wanafunzi wa sarufi hulikuta katika istilahi "sentensi sahili". Usajili, lenye j, ni tendo la kuingiza jina katika rejesta. Barua inayomwita mtu kwenye "usahili" inamwita kwenye urahisi, jambo ambalo wasailiwa wengi watakanusha.

Andika: Ameitwa kwenye usaili Dodoma.
Usiandike: Ameitwa kwenye usahili Dodoma.

Usaili ndilo neno mwavuli. Linafaa kutaja mchakato mzima wa kumpima mwombaji wa kazi, na hatua zilizomo hutofautishwa kwa kivumishi au kwa kihusishi cha a-unganifu. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichotokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, imeizoesha nchi mpangilio huo. Matangazo yake hutaja usaili wa mchujo, ambao kwa kawaida huwa wa kuandika. Usaili wa vitendo kwa kada zinazohitaji kuonesha ujuzi, kama udereva na baadhi ya nafasi za TEHAMA. Na usaili wa mahojiano, unaofanyika ana kwa ana mbele ya jopo. Istilahi hizi tatu ni miongoni mwa zilizo wazi kabisa katika Kiswahili cha kiofisi, na kampuni binafsi zingeweza kuziazima bila gharama.

Mchujo

Kuchuja ni kupitisha kitu katika chujio ili kinachotakiwa kipite na kisichotakiwa kibaki. Anayechuja tui huwa na kipimo kimoja tu, nacho ni ukubwa wa matundu ya chujio lake. Hapo ndipo palipo uaminifu wa neno mchujo: linakiri kwamba shabaha ni kupunguza.

Sababu ya kupunguza inafahamika. Mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596 za kada mbalimbali, waombaji walizidi 135,000, yaani zaidi ya 80 kwa kila nafasi. Hakuna jopo linaloweza kukaa na umati huo mmoja mmoja. Kampuni za kimataifa zinazoajiri wanaprogramu kwa mbali hukutana na wingi wa namna hiyo, nazo hutumia mifumo kama HackerRank na Codility, ambayo hutoa swali, huhesabu dakika na husahihisha jibu bila mkono wa mtu.

Mchujo una kanuni moja ya matumizi ambayo husahaulika. Kinachopita katika chujio "hupita", na kisichopita "hakikupita". Haisemwi kwamba chicha la nazi "limeshindwa". Vivyo hivyo, mwombaji ambaye jina lake halikuonekana katika orodha ya hatua ya pili hakupita mchujo, na hakuna zaidi ya hilo linaloweza kudaiwa kwa haki. Chujio likibadilishwa matundu wiki inayofuata, huenda akapita.

Mtihani

Mtihani ni neno zito kuliko yote katika kundi hili. Asili yake ya Kiarabu ina maana ya kujaribiwa kwa taabu, na Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo: mtu aliyefiwa au kuugua husema amepata mtihani. Katika elimu, neno limezaa tahini, mtahini na mtahiniwa, istilahi zinazotumiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania.

Mtihani wa shule una masharti yake. Una silabasi inayojulikana mapema, umefundishwa kwa miaka kadhaa, una alama za ufaulu, na matokeo yake hutangazwa. Kipimo cha kuandika programu katika usaili hakina hata moja kati ya hayo. Hakuna silabasi, mwombaji hajui wengine wamepata nini, na mara nyingi haelezwi alikosea wapi. Kukiita mtihani ni kukipa hadhi ya cheti ambayo hakina.

Madhara yake huonekana katika neno la matokeo. Mtahiniwa hufaulu au hushindwa. Kitenzi kushindwa katika Kiswahili hubeba maana mbili kwa pamoja: kuzidiwa na mwingine, kama katika mbio, na kutoweza jambo, kama katika "ameshindwa kusimama". Mzazi wa Nkende aliyeuza ng'ombe ili kulipa ada ya chuo, akiambiwa kwamba mwanawe "ameshindwa mtihani wa kompyuta", atasikia maana ya pili. Ataelewa kwamba miaka ya chuo haikuingiza kitu kichwani. Habari ya kweli huenda ikawa kwamba waombaji walikuwa 300, nafasi zilikuwa mbili, na kijana alishika nafasi ya tano. Huyo amezidiwa, hakushindwa kazi. Lugha inayo njia ya kulisema hilo bila kupunguza ukweli: "Alifika hatua ya vitendo, hakuchaguliwa."

Jaribio

Jaribio linatokana na jaribu. Katika maabara ni tendo la kuthibitisha au kukanusha dhana; katika habari ni tendo ambalo halijafikia lengo, kama jaribio la kutoroka. Kote huko, jaribio huacha nafasi ya kujaribu tena. Mwanasayansi hurudia jaribio, na kurudia hakumvunjii heshima.

Maana hii inalingana sana na kazi ya mwanaprogramu. Programu haiandikwi mara moja ikakaa. Huandikwa, hujaribiwa, huonesha kosa, hurekebishwa, hujaribiwa tena. Kipimo kinachomruhusu msailiwa kuendesha programu yake, kuona kosa na kulisahihisha kinastahili kabisa kuitwa jaribio. Kipimo kinachompa nafasi moja ya kubofya kitufe cha kuwasilisha, na saa ikihesabu kurudi nyuma pembeni mwa kioo, kimeazima jina tu.

Zoezi

Zoezi linatokana na zoeza, nalo zoeza linatokana na zoea. Kwa hiyo zoezi, kwa asili yake, ni tendo la kumfanya mtu azoee. Mwalimu hutoa zoezi ili mwanafunzi ajifunze, na kukosea ndani ya zoezi ni sehemu ya masomo. Kuliita "zoezi dogo" jambo litakaloamua ajira ya mtu ni kulainisha maneno mahali ambapo uwazi ulihitajika zaidi.

Hata hivyo, mzizi huo wa mazoea unafichua jambo la kweli. Maswali mengi ya usaili wa wanaprogramu hutoka katika hazina ileile ya mafumbo: kupanga orodha, kutafuta njia fupi, kugeuza mti wa data. Aliyeyazoea kupitia tovuti za mazoezi kama LeetCode huyajibu upesi. Asiyeyazoea husuasua hata kama ni fundi mzuri. Mwaka 2015, Max Howell, mwanzilishi wa Homebrew, programu inayotumiwa na wanaprogramu wengi duniani kuweka programu nyingine katika kompyuta zao, alieleza hadharani kwamba Google ilimkataa baada ya kutoweza kugeuza mti wa data ubaoni. Wasomaji walibishana sana ni nani aliyekuwa na haki. Lililo wazi ni kwamba kipimo kilipima mazoea ya aina moja, na kazi iliyokwisha kumpa jina ilihitaji mazoea ya aina nyingine.

Neno zoezi, basi, libaki kwa maandalizi. "Nimefanya mazoezi ya usaili kwa wiki tatu" ni sentensi safi. "Tutakupa zoezi dogo siku ya mahojiano" inaficha zaidi ya inavyosema.

Linalokaribiana nalo ni "kazi ya nyumbani", yaani tatizo ambalo mwombaji hupewa alitatue kwa siku kadhaa. Aina hii iliwafaa wengi kwa kuwa haina saa ya kukimbizana nayo. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, waajiri wamekuwa na shaka kuhusu nani hasa aliyeandika jibu, na hivyo huongeza hatua ya kumtaka mwombaji aeleze kwa mdomo kila alichokiandika. Lugha imerudi mezani kwa mlango mwingine.

Mahojiano

Hoji lina undugu na hoja. Likipata kiambishi cha kutendana, -an-, huwa hojiana, na hapo hupatikana mahojiano. Kiambishi hicho kina kazi: kinasema kwamba pande zote mbili zinatenda. Wanaopigana wote hupiga, na wanaosalimiana wote husalimu. Katika mahojiano yanayostahili jina hilo, msailiwa naye anauliza: data itatoka wapi, programu itatumiwa na watu wangapi, afanye nini mtumiaji akiingiza herufi badala ya namba.

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Katika usaili wa mwanaprogramu, kuuliza huwa ni alama ya ufundi, maana tatizo lisilofafanuliwa vizuri haliwezi kuandikiwa programu nzuri. Lakini msailiwa aliyeingia akidhani yumo katika mtihani hatauliza. Chumba cha mtihani kimemfundisha tangu darasa la kwanza kwamba anayezungumza anaibia. Akiitwa kwenye mtihani atanyamaza, na jopo litaandika kwamba hana udadisi. Jina la kipimo limekwisha kumwondolea alama kabla hajaketi.

Lugha iliyomo ndani ya swali

Swali moja jepesi hutumiwa mahali pengi kuchuja waombaji. Lilipata umaarufu mwaka 2007 kwa jina la FizzBuzz, likiwa limetoholewa katika mchezo wa kuhesabu wa watoto wa Uingereza. Kwa Kiswahili, na kwa majina ya Mara, lingeweza kuandikwa hivi:

Andika programu inayochapa namba 1 mpaka 100. Badala ya namba inayogawanyika kwa 3, ichape neno Tarime. Badala ya inayogawanyika kwa 5, ichape Serengeti. Badala ya inayogawanyika kwa 3 na 5, ichape Mara.

Jibu sahihi huchapa Tarime mara 27, Serengeti mara 14, Mara mara 6, na namba 53 hubaki kama zilivyo. Mtego uko katika mpangilio wa masharti. Anayeiagiza kompyuta iangalie kwanza kama namba inagawanyika kwa 3 ataona 15 ikigeuzwa Tarime, na Mara haitatokea hata mara moja. Sharti la 3 na 5 lazima litangulie.

Huo ndio mtego uliokusudiwa. Katika maneno yenyewe kuna mingine mitatu isiyokusudiwa.

Wa kwanza ni na. Katika Kiswahili kiunganishi hiki hukusanya vitu bila kusema kama vinahitajika vyote kwa wakati mmoja. "Namba zinazogawanyika kwa 3 na 5" inaweza kusomwa kuwa zile za 3 pamoja na zile za 5, ambazo ni 47, au zile tu zinazokubali vyote viwili, ambazo ni 6. Andika: "kwa 3 na kwa 5 kwa pamoja."

Wa pili ni gawanyika. Namba yoyote inaweza kugawanywa kwa 3. Saba ikigawanywa hubaki moja. Kinachotakiwa ni "inayogawanyika kwa 3 bila baki".

Wa tatu ni mpaka. Anayesafiri kutoka Nkende mpaka Sirari amefika Sirari, hivyo "1 mpaka 100" kwa Kiswahili inajumuisha 100. Lugha nyingi za kuandikia programu zina desturi tofauti: katika Python, amri ya kuorodhesha namba iliyopewa 1 na 100 huishia 99. Msailiwa anayejua Kiswahili vizuri na Python nusu atapoteza alama hapo. Mtunga swali anaweza kulizuia hilo kwa maneno mawili: "100 ikiwamo".

Kuna na utata wa saa. Matangazo ya usaili serikalini huandika "saa 1:00 asubuhi" kwa hesabu ya Kiswahili, nayo hueleweka. Mfumo wa mtandaoni wa kampuni ya kigeni huandika 9:00, ambayo ni saa tatu asubuhi kama ni saa za Afrika Mashariki, na ni saa sita mchana kama ni saa za dunia, yaani UTC. Mwombaji aliyezoea kusoma 9:00 kama saa tisa atafungua kompyuta alasiri na kukuta mlango umefungwa. Kanuni ni moja: saa yoyote inayoandikwa katika mwaliko ifuatwe na kipindi cha siku na jina la majira yanayotumika.

Lugha ya kujibia

Katika vipimo vya ana kwa ana, wasaili hupenda msailiwa afikiri kwa sauti: aeleze kila hatua huku akiandika. Nia ni kuiona njia ya fikra, na nia hiyo ni njema. Kilichofichika ni kwamba kipimo kimoja kimekuwa viwili.

Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State na kampuni ya Microsoft walichapisha utafiti uliowahusisha wanafunzi 48 wa sayansi ya kompyuta. Baadhi yao walitatua tatizo ubaoni mbele ya msaili huku wakieleza kwa sauti; wengine walilitatua ubaoni wakiwa peke yao chumbani. Waliotazamwa walifanya vibaya kwa zaidi ya nusu wakilinganishwa na walioachwa peke yao. Wanawake wote waliokuwa peke yao walilitatua tatizo. Kati ya wanawake waliotazamwa, hakuna aliyelitatua. Watafiti walihitimisha kwamba kipimo cha aina hiyo hupima kwa kiasi kikubwa uwezo wa kuhimili wasiwasi.

Ikiwa ilikuwa hivyo kwa wanafunzi wa chuo cha Marekani, hali ya mwombaji wa Tarime inahitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Nyumbani huenda alilelewa kwa Kikuria. Shule ya msingi ya serikali ilimfundisha kwa Kiswahili. Sekondari na chuo vilimfundisha kwa Kiingereza, na istilahi zote za kompyuta alizipata katika lugha hiyo ya tatu. Akitakiwa kufikiri kwa sauti kwa Kiingereza mbele ya jopo, anafanya kazi tatu kwa pamoja: kutatua, kutafsiri na kujitazama asikosee. Ukimya wa nusu dakika ambao jopo linausoma kama kutojua huenda ni wa kutafuta kitenzi.

Matamshi nayo yasihesabiwe. Kikuria hakina sauti l katika mfumo wake wa asili, na msemaji aliyekulia katika lugha hiyo anaweza kusema "swari" mahali pa "swali". Kompyuta haisikii tofauti hiyo, na programu yake haipungui kitu.

Mlango umekwisha kufunguliwa kwa sehemu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira humruhusu mwombaji aandike barua ya maombi kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Ruhusa hiyo ikivuka kutoka kwenye barua hadi kwenye maelezo ya mdomo, jopo litaanza kusikia fikra yenyewe. Istilahi hazitakuwa kikwazo kikubwa. Tangu mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, imethibitika kwamba programu kubwa ya ofisi inaweza kuzungumza Kiswahili. Msailiwa anayesema "narudia hatua hii kwa kila kipengele cha orodha mpaka nipate kubwa kuliko zote" ameeleza algorithimu kamili bila kuazima neno.

Muhtasari wa matumizi

Usaili: neno mwavuli la mchakato wote. Lisichanganywe na usahili wala usajili.

Usaili wa mchujo: hatua ya kupunguza idadi. Matokeo yake ni kupita au kutopita.

Usaili wa vitendo: hatua ambapo mwombaji anaandika programu inayofanya kazi. Hili ndilo jina linalofaa zaidi kwa kipimo cha wanaprogramu, na tayari limo katika Kiswahili cha utumishi wa umma.

Jaribio: linafaa pale mwombaji anaporuhusiwa kuendesha, kukosea na kurekebisha.

Mahojiano: mazungumzo ambamo pande zote mbili zinauliza.

Zoezi: maandalizi tu. Mtihani: shule na vyuo.

Mwajiri anayetaka kuandika mwaliko ulio wazi anaweza kufuata mfano huu:

"Unaalikwa kwenye usaili wa vitendo siku ya Jumanne, saa 3:00 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Utaandika programu moja kwa lugha ya kuandikia programu unayoichagua, kwa dakika 90, na utaruhusiwa kuiendesha na kuirekebisha. Kwa dakika 60 za mwanzo utakuwa peke yako. Unaweza kuuliza ufafanuzi wa swali wakati wowote, na kueleza kazi yako kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Umeme au mtandao ukikatika, tupigie simu. Utapangiwa muda mwingine."

Sentensi ya mwisho ya mwaliko huo si ya mapambo. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na intaneti ikayumba katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Kwa saa za mfumo, aliyekatikiwa na mtandao na asiyejua jibu huonekana sawa: wote wamewasilisha ukurasa mtupu. Mwaliko ulioandikwa kwa maneno sahihi ndio unaowatofautisha.